Ndimu, Jua na Ng'ombe wa Mabaka

Niombe radhi kwanza kwa harufu iliyojaa humu studio, ingawa redio haijafika pa kuwanusisha. Mezani kwangu kuna nusu ndimu, fungu la matembele, kichupa cha spiriti, na ile taa ndogo ya kukagulia noti bandia, niliyoiazima kwa dada wa wakala wa pesa za simu pale nje. Ameniambia niirudishe kabla ya saa kumi. Vyote vinne vina kazi leo.

Nianze na ndimu. Shangazi yangu wa Tanga ni mtu wa achari. Mwaka mmoja, wiki mbili kabla ya mfungo wa Ramadhani, aliketi uani juu ya kigoda chake akakata ndimu gunia zima, robo robo, akizikamua kidogo na kuzinyunyizia chumvi. Jua la saa tano, mikono wazi hadi juu ya kiwiko. Jioni alikuwa mzima. Kesho yake akasema anawashwa kidogo. Siku ya tatu asubuhi akanionyesha mkono wa kulia: malengelenge kati ya kidole gumba na cha shahada, na mchirizi mmoja mwembamba ukiteremka mpaka kiwikoni, mwekundu, kama mtu aliyemwagikiwa mafuta ya moto.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani alisema ni yule mdudu mwekundu kwa mweusi wa msimu wa mvua. Mama mwingine akanong'ona habari za jicho. Zahanati aliyokwenda ikampa dawa ya fangasi. Malengelenge yakakauka yenyewe, yakaacha alama ya kahawia iliyodumu mpaka Idi ikapita. Mimi nilikuja kuuelewa mchirizi ule miaka mingi baadaye, nilipokuwa nasoma, ajabu yenyewe, habari za tiba ya saratani. Ilikuwa ni njia ya maji ya ndimu. Palipopita maji, ndipo palipoungua.

Ndimu, hasa ganda lake, ina kemikali za jamii ya soraleni. Gizani ni watu wapole kabisa. Lakini zikilowana kwenye ngozi, kisha zikapigwa na miale ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua ambayo jicho halioni, zinaamka. Molekuli ya soraleni ni bapa, na ubapa huo unaiwezesha kujipenyeza kati ya vidato vya ile ngazi ya DNA iliyomo ndani ya seli. Mwale ukiikuta hapo, inang'ata upande huu na upande ule. Ni kama kutia gundi kwenye zipu. Seli ambayo zipu yake haifunguki haiwezi kujigawa, na mwisho wake hufa.

Daktari wa saratani akisikia maneno hayo, seli isiyoweza kujigawa, lazima ageuze shingo. Na kweli waligeuza, ila habari yenyewe haikuanzia kwao. Ilianzia kaskazini mwa Afrika.

Kandokando ya mto Nile kunaota mmea uitwao Ammi majus, wenye maua meupe madogo yaliyojipanga kama mwavuli. Ni ndugu wa giligilani na karoti. Waarabu wanauita khilla shaitani. Ibn al-Baytar, tabibu wa mimea aliyezaliwa Málaga na kufia Damascus mwaka 1248, aliandika juu ya mmea huu katika kitabu chake kikubwa cha dawa na vyakula. Alieleza kwamba kulikuwa na ukoo wa Waberiberi uliokuwa ukiutumia kutibu mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi, na kuificha siri yake. Mgonjwa alikunywa mbegu zilizosagwa, kisha akaketi juani, mabaka yakiwa wazi, mpaka jasho limtoke.

Nawaomba muishike hiyo sehemu ya kuketi juani. Jua lilikuwa ndani ya dawa. Yule mganga wa Kiberiberi hakuwa na habari ya molekuli wala urujuanimno, lakini alishaona kwamba mbegu peke yake haitoshi na jua peke yake halitoshi. Elimu hiyo ilikaa hivyo hivyo, inatumika bila kufafanuliwa, kwa miaka mia saba.

Kisha tunafika Cairo, miaka ya 1940. Wanakemia wawili wa Kimisri, Fahmy na Abu-Shady, wanachambua mbegu za mmea huo na mwaka 1947 wanapata fuwele safi. Daktari wa ngozi Abdel Monem El Mofty anazichukua, anawapa wagonjwa wa mbalanga, anawapeleka juani, na anaandika matokeo yake mwaka 1948. Mojawapo ya fuwele zile ndiyo leo inaitwa methoksaleni, na ipo katika vitabu vya dawa duniani kote.

Naomba nichomekee neno langu hapa. Kila nikisikia mmoja akisema wazungu wametuibia dawa zetu za miti, na mwingine akimjibu kwamba miti shamba yote ni ushirikina, mimi humfikiria El Mofty. Hakuidharau mbegu iliyokuwa ikiuzwa sokoni kwao, wala hakuiuza kwa kuisifia. Aliipima. Leo tunajua mgonjwa ameze miligramu ngapi, angoje saa ngapi, apigwe mwanga wa aina gani, kwa dakika ngapi. Hilo ndilo lililokosekana kwa zile karne saba, na ndilo linalokosekana kwenye chupa nyingi ninazoletewa humu studio nizitangaze.

Tuendelee. Mwaka 1974 madaktari wa Boston, Parrish na Fitzpatrick pamoja na wenzao, waliacha kulitegemea jua, wakatengeneza makabati yenye taa za urujuanimno. Mgonjwa anameza kidonge, anasubiri, kisha anaingia kabatini. Walianza na soriasisi, ugonjwa wa magamba kwenye ngozi. Haikupita miaka miwili wakaijaribu tiba hiyo kwa saratani moja ya ajabu ambamo chembe nyeupe za damu za aina ya T, ambazo ni askari wa mwili, huasi na kupiga kambi ndani ya ngozi. Ikafanya kazi.

Tatizo likabaki kwa wagonjwa ambao askari waasi hawakutulia kwenye ngozi bali walizunguka na damu. Damu utaimulika vipi? Richard Edelson, daktari wa Chuo Kikuu cha Yale, alijibu kwa njia rahisi mpaka inachekesha: itoe nje.

Hebu mwone mgonjwa huyo. Amemeza methoksaleni saa mbili zilizopita. Amelala kwenye kiti, sindano mkononi, na mrija unapeleka damu yake kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi. Uzito unaitenganisha: chembe nyekundu zinarudishwa mwilini, zile nyeupe zinapelekwa pembeni na kupitishwa kati ya plastiki mbili angavu, katika utando mwembamba, mbele ya taa za urujuanimno. Kisha nazo zinarudi kwa mwenyewe. Edelson na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1987: kati ya wagonjwa 37 waliokuwa wameshindikana kwa tiba nyingine, 27 walipata nafuu. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya Marekani ikaipitisha. Siku hizi mgonjwa hamezi kitu. Dawa inatiwa moja kwa moja kwenye mfuko wa chembe zake, na kile kichefuchefu cha vidonge kimekwisha.

Lakini kinachonikosesha usingizi mimi ni kwamba chembe zinazopita mbele ya taa ni sehemu ndogo tu ya zote zilizoasi. Kwa hesabu ya kawaida ugonjwa usingetikisika. Inaonekana zile chembe zinazorudishwa mwilini zikiwa mahututi zinauamsha ulinzi wa mwili, kana kwamba mwili umeletewa picha ya mhalifu na sasa unamjua hata akijificha. Namna hasa inavyotokea bado ina mjadala. Mashine hiyohiyo leo inawasaidia pia waliopandikizwa uboho, pale uboho wa mgeni unapomgeukia mwenye nyumba.

Na msidhani kuna dawa isiyo na deni. Wale wagonjwa wa soriasisi walioingia kabatini mara mamia, wakifuatiliwa miaka mingi, walionekana kupata saratani za ngozi zaidi ya wenzao. Gundi ile haichagui zipu.

Haya, tuone njia ya pili ambayo mmea na mwanga hushirikiana. Fundi, tuzimie taa.

Kwa mnaosikiliza: nimeyatwanga matembele, nikayaloweka kwenye spiriti, nikayachuja kwa kitambaa. Kwenye glasi nina maji ya kijani kibichi. Humu ndani sasa ni giza. Nawasha taa ya kukagulia noti, naielekeza kwenye glasi, na... Fundi wetu amepiga mluzi. Maji yamekuwa mekundu. Si kijani tena, yanawaka wekundu uliokolea, ile rangi ambayo kina mama wa kanga huiita damu ya mzee. "Lahaula," anasema, "kumbe matembele yana damu!"

Hayana damu. Kinachowaka ni klorofili, ile ambayo vitabu vya shule viliiita umbijani. Ndani ya jani, klorofili ikipokea mwanga haikai nao. Inaupokeza kwa jirani, jirani kwa jirani, mpaka unaishia kutengeneza sukari. Mimi nimeing'oa kwenye nyumba yake. Ikipigwa mwanga haina wa kumpokezea. Sehemu ya nguvu ile inaitema kama mwanga mwekundu tunaouona. Sehemu nyingine inamkabidhi aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ni oksijeni.

Oksijeni iliyopewa mzigo huo inapandwa na mori. Inaunguza chochote inachokigusa, mafuta ya utando wa seli, protini, chochote. Ila maisha yake ni mafupi mno, haifiki hata nje ya seli ilimozaliwa. Kwa hiyo moto unabaki pale pale dawa na mwanga vilipokutana. Kijana wa Ujerumani, Oscar Raab, aliligusa jambo hili katika maabara ya Munich na kulichapisha mwaka 1900: vijidudu vyake vya seli moja, akivitia rangi ileile, siku moja vilikufa upesi na siku nyingine vilikawia. Inasimuliwa kwamba siku vilipokawia kulikuwa na dhoruba na mbingu imefunga. Tofauti ilikuwa mwanga.

Basi nije kwa ng'ombe, maana wafugaji wanaonisikiliza wameliona jambo hili kabla ya madaktari.

Kuna kichaka kiitwacho lantana, kilichotoka Amerika ya kitropiki kama mmea wa ua, leo kimejaa pembezoni mwa mashamba yetu. Maua yake yana rangi mbili tatu katika shada moja, na jani ukilivunja linanuka. Ng'ombe mwenye njaa akilila sana, ini lake linaharibika. Sasa, ng'ombe anakula klorofili kutwa nzima. Vijidudu vya tumboni mwake huivunja na kutoa kitu kinachoitwa filoerithrini, na ini zima hukifagia kikatoka na nyongo. Ini likiziba, kitu kile kinabaki kwenye damu na kufika kwenye ngozi. Anatoka malishoni, jua linawaka, na ngozi inaanza kubanduka. Kama ni ng'ombe wa mabaka, utaona maajabu: sehemu nyeupe zinaoza na sehemu nyeusi ziko salama, na mpaka wa kidonda unafuata mpaka wa rangi kama uliochorwa kwa rula. Rangi nyeusi imeuzuia mwanga usiingie.

Wavuvi wa kaskazini mwa Japani nao wana msemo wao wa zamani, kwamba paka akila matumbo ya abaloni, konokono mmoja mkubwa wa baharini, wakati wa majira ya kuchipua, masikio yatamdondoka. Wengine waliudhani ni utani. Konokono huyo hula mwani, na matumbo yake hujaa mabaki ya klorofili. Paka akila na kwenda kujianika, sehemu yenye ngozi nyembamba na manyoya machache ndiyo inayoungua. Masikio.

Sasa nawageukia wauza chupa. Nimeletewa ujumbe kwenye simu, na ninyi mmeletewa: maji ya klorofili, kijiko asubuhi na jioni, yanaondoa saratani, maana wanasayansi wamethibitisha kwamba klorofili inaua seli za saratani. Sentensi hiyo ya mwisho imechuma kajiukweli mahali fulani, ndiyo maana inauzika. Lakini fikirini na mimi. Kama klorofili uliyokula ingekuwa inafika kwenye seli zako na kuziua, basi kila aliyekula kisamvu mchana angekuwa kama yule ng'ombe ifikapo saa tisa. Tunakula mboga za majani maisha yetu yote na tunatembea juani salama, kwa sababu klorofili nyingi hupita tumboni bila kuingia mwilini, na kidogo inayoingia ini linaifagia. Ule usalama wetu ndio ushahidi kwamba chupa haifanyi kazi inayosemwa. Na ndani ya tumbo, msikilizaji, ni giza.

Waliotengeneza dawa kweli walikwenda njia ndefu. Japani, nchi ya wale paka, ilipitisha mwaka 2003 dawa iitwayo talaporfini, jina la dukani Laserphyrin, iliyotokana na klorofili lakini ikabadilishwa kikemia iyeyuke kwenye maji na kudungwa kwenye mshipa. Ilianza kwa saratani ya mapafu iliyogunduliwa mapema, ikiwa bado kwenye kuta za njia kubwa za hewa. Daktari anadunga, anangoja yapata saa nne, kisha anapitisha mrija mwembamba kooni hadi kwenye uvimbe na kuumulika kwa leza nyekundu ya nanomita 664. Uvimbe una dawa na una mwanga. Mwili uliobaki una dawa tu. Mwaka 2013 wakaiongezea saratani ya ubongo: mpasuaji akishaondoa uvimbe, anamulika lile shimo lililobaki, kuzisaka seli zilizojificha kwenye kingo. Baada ya hapo mgonjwa anakaa mbali na mwanga mkali kwa wiki mbili hivi, mapazia yameshushwa, asije akawa ng'ombe wa lantana.

Kwa nini mwekundu? Washa tochi ya simu gizani, ifunike kwa kiganja. Vidole vinawaka vyekundu. Rangi ya bluu na kijani zimezuiliwa mlangoni na damu yako. Nyekundu tu ndiyo inayopenya. Hata hiyo haiendi mbali, kwenye nyama haipiti sana sentimita moja ikiwa bado na nguvu. Kwa hiyo saratani iliyokwisha kusambaa kwenye ini na mifupa, tiba hii haiifikii. Ni tiba ya pale panapofikika: ngozi, mdomo, koo, njia ya hewa, kibofu. Mwenye kukuahidi zaidi ya hapo, mwombe akuonyeshe taa anaipitisha wapi.

Kuna mmea mwingine, Hypericum wa Ulaya, wenye maua ya njano. Jamaa zake wanaota juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Rangi yake nyekundu, haiperisini, nayo huamshwa na mwanga, imejaribiwa ikiwa mafuta ya kupaka kwa ile saratani ya askari waasi wa ngozi. Waliyoipaka iliundwa maabara, si ya kuchuma. Baada ya wiki sita, asilimia 16 ya waliopakwa walipata nafuu, dhidi ya asilimia 4 ya waliopakwa mafuta matupu; walioendelea mpaka wiki 12 wakafika asilimia 40. Mwaka 2023 mamlaka ya Marekani ilirudisha faili, ikidai jaribio jingine. Mimi hainisikitishi. Ndivyo inavyotakiwa.

Na kwetu? Kwetu mwanga na saratani wanajuana kwa upande mbaya zaidi. Ndugu zetu wenye ualbino wanaumizwa na jua lilelile, maana hawana ile rangi nyeusi iliyomlinda ng'ombe, na ndiyo sababu kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilianza kutengeneza mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili yao. Nikiulizwa pesa ya kwanza iende wapi, kwenye leza au kwenye kopo la mafuta yale, nitasema kopo, bila kusita. Ila leza nazo hazibaki ghali milele. Huko Aligarh, India, saratani changa za mdomoni zimetibiwa kwa taa ndogo ya LED inayotumia betri, na dawa ambayo ni lile tofali la kwanza ambalo jani hulitumia kujijengea klorofili. Taa ya betri. Hiyo ndiyo habari niliyoisoma mara mbili.

Dakika zangu zinayoyoma na dada wa wakala anaidai taa yake. Ukikamua ndimu, nawa kwa sabuni kabla hujatoka juani. Shangazi yangu siku hizi hukata ndimu zake baada ya magharibi, jikoni, chini ya balbu. Chupa ya achari ya mwaka huu ninayo kabatini, kali kweli. Mkono wake hauna alama tena. Nilimweleza habari hii yote, mbegu za Misri, paka wa Japani, yote, akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akanimiminia chai, akaniambia, "Sawa mwanangu. Lakini lile lilikuwa jicho."